Hugh Bennett na kura ya udongo

Mvua kubwa ikishanyesha Bukoba mjini, simama kwenye daraja la mto Kanoni utazame maji yanavyokwenda ziwani. Yamegeuka rangi. Huo ni udongo, na ulikuwa shamba la mtu huko juu. Hali ni hiyo hiyo Muleba, kwenye miteremko ya Kamachumu na kwenye vijito vinavyoteremka kuingia mto Ngono. Ukanda wetu wa ziwa hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Bukoba. Mvua hiyo ndiyo inayokuza migomba na kahawa yetu, na ndiyo hiyo hiyo inayoondoka na udongo.

Dawa yake wengi tunaijua. Weka matandazo kibanjani. Chimba makinga maji yanayofuata mlalo wa kilima. Panda majani ya tembo kwenye kingo. Usichome rweya ovyo. Lakini ipo shida ambayo jembe peke yake haliimalizi. Ukichimba kinga maji shambani kwako, na jirani wa juu yako asichimbe, maji ya kwake yatakuja kulivunja la kwako usiku mmoja. Nani mwenye haki ya kumwambia jirani achimbe? Bwana shamba? Mtendaji? Mkuu wa wilaya? Au ninyi wenyewe majirani, mkikaa na kukubaliana?

Leo tunakusimulia maisha ya mtu aliyekutana na swali hilo kwenye nchi kubwa kuliko yetu, wakati wa janga kubwa. Ni Hugh Hammond Bennett, ambaye Wamarekani humwita baba wa hifadhi ya udongo. Tunamleta hapa kwa sababu kazi ya kizazi chake iligusa hata Tanganyika. Ila haikufika nzima. Sehemu moja ilifika, nyingine ikaachwa njiani, na hiyo iliyoachwa ndiyo tunayotaka tuizungumze.

Mtoto wa shamba la pamba

Bennett alizaliwa tarehe 15 Aprili 1881, karibu na mji mdogo wa Wadesboro, wilaya ya Anson, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba. Ardhi ya kule ina vilima vidogo vidogo na udongo mwekundu, na kwa miaka mingi watu walikuwa wamelima pamba juu ya pamba bila kuipumzisha ardhi.

Akiwa bado mtoto, alimsaidia baba yake kupima na kuchimba matuta ya kuzuia maji shambani. Alimuuliza baba yake kazi ile yote ni ya nini, akajibiwa kwamba ni ya kuzuia shamba lisichukuliwe na maji. Jibu hilo la mzee mkulima alilikumbuka maisha yake yote.

Alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina, akajifunza kemia na elimu ya miamba, akamaliza mwaka 1903. Mwaka huo huo aliajiriwa na ofisi ya serikali iliyokuwa ikipima na kuchora ramani za udongo. Kazi ilikuwa ya miguu. Unatembea shamba hadi shamba na kifaa cha kuchimbia, unachimba, unatazama rangi, unaushika udongo mkononi, unaandika. Kwa kazi hiyo alizunguka majimbo mengi ya Marekani, akafika Panama, Alaska na Kuba.

Mashamba mawili yaliyopakana

Mwaka 1905 yeye na mwenzake walitumwa wilaya ya Louisa, jimbo la Virginia, kuchunguza kwa nini mashamba ya huko yalikuwa hayazai tena. Walikuta vipande viwili vya ardhi vilivyopakana, vyenye mteremko mmoja na mwamba mmoja chini yake. Kimoja kilikuwa msitu ambao haujawahi kulimwa. Kingine kilikuwa kimelimwa miaka mingi. Udongo wa msituni ulikuwa mweusi, laini, unaingia mkono bila shida. Udongo wa shambani ulikuwa mgumu, mfinyanzi mtupu.

Bennett aligundua kwamba pale shambani hapakuwa na korongo hata moja. Hakuna aliyeona udongo ukiondoka. Ulikuwa umechukuliwa utando kwa utando, kila mvua ikibeba tabaka jembamba kama karatasi, mpaka tabaka lote la juu likaisha na watu wakabaki wanalima tumbo la ardhi.

Mkulima wa Kagera anaweza kulielewa hili haraka. Udongo wetu wa asili juu ya miamba ya mchanga si tajiri. Tazama rweya, kisha tazama kibanja kilichopakana nayo. Tofauti ile haikuletwa na mwamba. Ililetwa na babu na bibi zetu, kwa nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya, kwa samadi ya ng'ombe, kwa maganda na majani ya migomba, kizazi baada ya kizazi. Bennett aliona ardhi nzuri iliyoharibiwa na watu. Sisi tunakaa juu ya ardhi duni iliyotengenezwa na watu. Somo ni lile lile: udongo unaongezeka na unapungua, kutegemea anayeutunza.

Miaka ya kupuuzwa

Wakubwa wake hawakumsikiliza. Mwaka 1909 ofisi yake mwenyewe ilitoa kijitabu kilichodai kwamba udongo ni mali ya taifa isiyoweza kuisha wala kuharibika. Bennett, aliyekuwa anaona kwa macho yake mashamba yaliyokufa, aliudharau usemi huo hadi uzee wake. Lakini alikuwa mtumishi wa chini. Aliendelea kupima, kuandika na kuhutubia kila aliyekubali kukaa kumsikiliza.

Mwaka 1928, baada ya miaka 25 kazini, yeye na mwenzake walitoa kijitabu kilichoutangaza mmomonyoko wa udongo kuwa hatari kwa taifa zima. Safari hii kilisomwa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilitoa dola 160,000 kwa ajili ya vituo vya utafiti. Kwenye vituo hivyo walipima maji na udongo unaoondoka kwenye shamba tupu, kwenye shamba lenye majani na kwenye msitu, ili hoja isiwe tena ya maneno.

Mwaka 1933, nchi ikiwa kwenye dhiki kubwa ya uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilimpa Bennett ofisi mpya na dola milioni 5. Mradi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa bonde la Coon Valley, jimbo la Wisconsin. Badala ya kuchagua shamba moja la mfano, walichukua bonde zima, kutoka vileleni hadi kijitoni. Mkulima alitia saini mkataba wa miaka mitano. Yeye aliahidi kulima kufuata mlalo wa kilima na kutoa mifugo kwenye miteremko mikali. Serikali ilimpa miche, mbegu, chokaa ya shamba na nguvukazi ya vijana waliokuwa makambini kwa kukosa ajira.

Vumbi lafika mji mkuu

Katika miaka hiyo nyanda za kati za Marekani zilikumbwa na ukame. Nyasi za asili zilikuwa zimelimwa ili kupanda ngano, na mvua zilipokatika, upepo uliuinua udongo. Mei 1934 vumbi kutoka nyanda hizo lilisafiri zaidi ya kilomita 2,000, likatia giza miji ya New York na Washington, likaangukia meli zilizokuwa baharini. Tarehe 14 Aprili 1935 kulikuwa na dhoruba nyeusi ambayo watu wa kule bado wanaisimulia. Familia nyingi zilifunga virago na kuhama.

Mwaka huo huo Bennett aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza kwa nini kazi yake iwe ya kudumu. Inasimuliwa kwamba alikuwa amepata taarifa za dhoruba ya vumbi inayotoka magharibi, akawa anarefusha maelezo yake makusudi, akiongeza takwimu juu ya takwimu, mpaka mbingu ya Washington ikaanza kuwa nyeusi na wabunge wakaenda dirishani. Tarehe 27 Aprili 1935 rais alitia saini sheria ya hifadhi ya udongo. Ofisi ya Bennett ikawa idara kamili ndani ya wizara ya kilimo, naye akawa mkuu wake wa kwanza.

Wengi wanaosimulia maisha yake huishia hapa, kwenye vumbi na ushindi. Sisi tunaona ndipo kazi ngumu ilipoanza.

Nani aamue?

Bennett sasa alikuwa na wataalamu, fedha na sheria. Lakini mashamba yalikuwa ya watu binafsi, mamilioni yao, na ofisi yake ilikuwa Washington. Miradi ya mfano ingefika kwa wachache tu. Tena mradi wa serikali una mwisho wake. Wataalamu wakiondoka, nani atatunza matuta? Na yule jirani wa juu aliyekataa, nani atamsemesha?

Jibu halikutoka kwa Bennett peke yake, na ni haki kusema hivyo. Naibu mmoja wa waziri wa kilimo, M. L. Wilson, aliyekuwa mchumi wa kilimo, ndiye aliyesukuma wazo kwamba wakulima wenyewe waunde vyombo vyao vya kutawala hifadhi. Mwanasheria wa wizara, Philip Glick, akaandika sheria ya mfano. Februari 1937 Rais Roosevelt aliipeleka kwa magavana wa majimbo yote akiwaomba waipitishe. Arkansas ilikuwa ya kwanza, mapema Machi mwaka huo. Bennett aliutumia umaarufu wake kuieneza, na wataalamu wa idara yake wakapelekwa kufanya kazi chini ya vyombo hivyo.

Vyombo hivyo viliitwa wilaya za hifadhi ya udongo. Usifikirie wilaya kama Muleba au Bukoba, yenye mkuu wa wilaya na polisi. Ni eneo ambalo wakulima wake wameamua kushirikiana kutunza udongo na maji, na mara nyingine mipaka yake ilifuata bonde la kijito. Utaratibu ulikuwa hivi.

Kwanza, wakulima 25 wa eneo walitia saini ombi na kulipeleka kwenye kamati ya jimbo. Bila ombi hilo, hakuna kinachoanza.

Pili, kamati iliitisha kikao cha wazi. Kila mwenye la kusema alisema, anayetaka na asiyetaka. Mipaka ilijadiliwa.

Tatu, wanaoishi na kulima ndani ya mipaka hiyo walipiga kura kuamua kama chombo kiundwe au kisiundwe.

Nne, ikiwa wamekubali, bodi ya watu watano iliundwa. Watatu walichaguliwa kwa kura na wakulima, wawili waliteuliwa na kamati ya jimbo. Kwa kawaida hawakulipwa mshahara. Walikuwa wakulima wanaoishi pale pale, wanaojua kila mteremko na kila familia.

Tano, bodi ilipanga kazi. Ilitia mikataba na mkulima mmoja mmoja, ilipokea mitambo na miche, na ilimwelekeza mtaalamu wa serikali aanzie wapi. Haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Ikitaka kutunga kanuni ya kumlazimisha mtu, kwa mfano kukataza kulima mteremko fulani, kanuni hiyo ililazimika kurudi kwa wakulima ipigiwe kura.

Sita, baada ya miaka mitano, wakulima 25 waliweza kuomba kura ya kuivunja. Chombo kilichoundwa na watu, watu waliweza kukifuta.

Tarehe 4 Agosti 1937 chombo cha kwanza kabisa kilipata hati yake. Kiliitwa Brown Creek, jina la kijito, na kilikuwa wilaya ya Anson, North Carolina. Shamba alikozaliwa Bennett lilikuwa ndani ya mipaka yake. Ndani ya miaka kumi hivi majimbo yote 48 ya wakati ule yalikuwa na sheria ya namna hii. Leo vyombo hivyo vinakaribia 3,000 nchi nzima, na vingi sasa vinaitwa vya udongo na maji, kwa sababu walijifunza kwamba huwezi kushika kimoja ukaachia kingine.

Waliobaki nje

Tungekudanganya kama tungesema kila kitu kilikuwa sawa. Kusini mwa Marekani, alikotoka Bennett, watu weusi wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na sheria na vitisho vya siku zile viliwazuia wengi wao hata kupiga kura ya kawaida. Katika bodi za udongo sauti yao haikusikika kwa miaka mingi. Bodi ilikuwa ya wenye mashamba, na hasa wazungu.

Mtu asiye na uhakika kama mwakani atakuwa bado kwenye shamba lile, kwa nini apande mti au achimbe tuta litakalodumu miaka ishirini? Wazee wetu wanalijua swali hili kutoka zamani za nyarubanja, pale mtwarwa alipolima ardhi ambayo bwana wake angeweza kumwondoa. Mfumo huo ulifutwa na sheria za miaka ya 1960, baada ya Uhuru. Hifadhi ya udongo hutegemea haki ya mtu kwenye udongo huo.

Udhaifu wa pili ni kwamba bodi nyingi hazikuthubutu kutumia kanuni za kulazimisha. Ni vigumu kumtoza faini jirani mnayezikana naye. Kazi nyingi ilifanyika kwa hiari, na wasio na hiari wakaachwa. Wamarekani wenyewe bado wanabishana juu ya jambo hilo.

Matuta yalivuka bahari, kura ikabaki

Habari za vumbi la Marekani zilitisha serikali ya Uingereza, na maofisa wa kilimo katika makoloni ya Afrika Mashariki walisoma maandishi ya Wamarekani kwa makini. Kuanzia miaka ya 1930, na zaidi baada ya vita kuu ya pili, hifadhi ya udongo ikawa amri ya serikali Kenya, Uganda na Tanganyika. Bennett mwenyewe alialikwa Afrika Kusini mwaka 1944, akazunguka nchi ile na kuandika ripoti juu ya hali ya udongo wake.

Kilichofika kwetu ni matuta. Kura haikufika. Kule Mlalo, milima ya Usambara, na kule Uluguru, wakulima waliamriwa kuchimba matuta, na asiyechimba alishtakiwa. Hawakuombwa saini 25, wala kikao cha wazi. Uluguru yaliishia kwa fujo mwaka 1955, kule Matombo, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Mpango ukafa pia. Watu walioishi milimani vizazi vingi hawakuwa wanachukia udongo wao. Walikataa kutawaliwa juu ya udongo huo.

Buhaya tulikuwa na la kwetu. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ilipambana na fukusi wa migomba, na njia yake ilikuwa kuingia vibanjani, kukagua na kuamuru. Fukusi alikuwa adui wa kweli. Lakini kibanja kwa Mhaya ni chakula, ni makaburi ya wazee wake na ni jina la ukoo, na mtu anayeingia kukata mgomba bila kukaa na mwenye nyumba anagusa yote hayo pamoja. Watu walipinga. Kamachumu mkutano wao ulitawanywa kwa mabomu ya machozi, na Ali Migeyo, mmoja wa viongozi wao, alifungwa. Hasira hizo, hapa na kwingineko, zilikuwa miongoni mwa kuni zilizowasha moto wa kudai Uhuru.

Nusu karne baadaye shida ilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa Muleba, na tiba yake ilikuwa chungu vile vile: kung'oa mgomba ulioambukizwa, kukata ua dume, kusafisha panga kwa moto kabla ya kuhamia shina jingine. Asiyeng'oa aliwaambukiza wenzake, kama yule jirani wa juu asiyechimba kinga maji. Mabwana shamba walihitajika, na sheria ndogo zilihitajika. Lakini ung'oaji huo haukuhitaji mabomu ya machozi. Safari hii amri ilipita pia kwenye mikutano ya vijiji vyenyewe, na mtu aliyeelezwa kwa nini, na majirani wake wakiwapo, huwa na moyo wa kung'oa.

Mwisho wa safari yake

Bennett aliandika kitabu kinene juu ya hifadhi ya udongo mwaka 1939, kikasomwa nchi nyingi. Aliongoza idara yake hadi mwaka 1951. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuhutubia, anayependa kushika udongo mkononi mbele ya watu. Alifariki tarehe 7 Julai 1960, akiwa na miaka 79, akazikwa kwenye makaburi ya taifa ya Arlington, karibu na Washington. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata Uhuru.

Nchi yake bado inapoteza udongo. Hakuna bodi iliyomaliza mmomonyoko. Lakini vyombo vya wakulima vilivyoanza na Brown Creek bado vipo, zaidi ya miaka 80 baadaye, wakati marais na miradi mingi wamekuja na kupita.

Kwetu leo, tuna nini mkononi?

Huenda unajiuliza kama sisi tuna chombo kama kile. Hatuna bodi ya udongo kwa jina hilo. Lakini sheria zetu zimempa mwanakijiji zaidi ya anavyodhani.

Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kijiji kina mkutano mkuu, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mkutano huo huchagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri hiyo kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo juu ya moto kwenye rweya, juu ya kulima kandokando ya mto, juu ya makinga maji, juu ya mifugo inayozurura.

Njia ya sheria ndogo ni hii: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili na kuikubali, kisha inapelekwa kwa halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Hatua ya katikati ndiyo kura yako. Sheria ndogo iliyoruka hatua hiyo ina kasoro, hata kama nia yake ni njema.

Na kama kijito kinapita vijiji viwili au vitatu? Mvua haijui mpaka wa kijiji. Sheria hiyo ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri za vijiji jirani kukubaliana juu ya matumizi ya ardhi wanayoitumia pamoja. Kwa upande wa maji, sheria ya mwaka 2009 inaruhusu watumiaji wa chanzo kimoja kuunda jumuiya ya watumia maji, na juu yao ipo bodi ya bonde, ambayo kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Mwanza. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, iwe kijiji kimetunga sheria ndogo au hakijatunga.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Kinachopungua mara nyingi ni watu kwenye mkutano. Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Wakija wachache, wachache ndio watakaoamua juu ya mteremko wako. Wakija wanaume tu, wale wanaobeba nyasi kutoka rweya na kuweka matandazo, ambao wengi ni wanawake, watakuwa wameamuliwa na wasiobeba. Wakija wenye vibanja tu, kijana anayelima omusiri wa kukodi atabaki nje, kama wale wakulima weusi wa North Carolina.

Mkutano ujao ukiitwa kijijini kwako, tunakushauri uende na maswali manne. Sheria ndogo zetu za udongo na maji ni zipi, na ziko wapi tuzisome? Zilijadiliwa na mkutano mkuu upi? Faini zilizotozwa zimefanya kazi gani? Na wenzetu wa kijiji cha juu, ambao maji yao yanatushukia, tumekaa nao lini?

Ukifika, kaa karibu na yule jirani wa juu. Inawezekana naye anamlaumu aliye juu yake.